Mgeni Asiyeua Mwenyeji Wake

Kama una Biblia karibu, fungua Waebrania 12, mstari wa 15. Weka kidole hapo, kwanza twende pwani.

Chota kijiko cha chai cha maji ya bahari hapa Mwabungo. Utaona maji tu. Kumbe mna bakteria mamilioni, na virusi vingi zaidi ya hao bakteria. Virusi hivyo havikutafuti wewe. Windo lao ni bakteria. Kirusi humng'ang'ania bakteria, humtia asili yake ndani, na yule maskini huacha kazi zake, akatengeneza virusi vipya mpaka apasuke. Kila siku bakteria wengi wa baharini hufa hivyo, na mabaki yao huwa chakula cha wenzao.

Lakini kuna kirusi cha namna nyingine, nacho ndicho kilichonileta kwenu leo.

Kijidudu cha kipindupindu ni bakteria wa maji ya pwani, hasa penye maji ya mto na ya chumvi kukutana. Wengi wa jamii yake hawana ile sumu ya kumharisha mtu mpaka akauke. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos, wataalamu wa Marekani, walionyesha kwamba sumu hiyo huletwa na kirusi. Kirusi humwingia bakteria, hujipachika katika urithi wake, kikatulia. Bakteria hafi, wala haugui. Akijigawa kuwa wawili, wote wawili wanacho. Wanaoumia ni wengine: mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu ya watu kule Unguja. (Maji ya kunywa tuyachemshe, ndugu zangu; hilo si fumbo.)

Sasa rudi kwenye mstari wako. Uchungu unaotajwa pale hausemwi kuwa humwua mwenye nao. Wanaotajwa ni watu wengi.

Mimi nilikaa na mgeni wa namna hiyo miaka kumi na mmoja. Kaka yangu mkubwa nami tuligombea mpaka wa shamba, minazi minne tu. Sikumpiga, sikumtukana. Nilishiriki Meza ya Bwana, nilisimama kuhubiri, hata nikanenepa. Ukiniuliza, ningekuambia nimekwisha kusamehe.

Asubuhi moja nikawaona wanangu wakipishana na watoto wake njia ya kisimani. Ndoo kichwani, macho chini, hakuna aliyemwamkia mwenzake. Nikamwita binti yangu, nikamwuliza kisa. Akanitazama kwa mshangao. Habari ya minazi hakuwahi kuambiwa. Alijua tu kwamba wale hatusemi nao.

Jioni ile nilikwenda, nikapiga hodi. Nilimsikia kaka ndani akikohoa. Alikawia kufungua.

Na tuombe.