Gari la Wagonjwa: Tuamue Mapema

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Mugeta, Wilaya ya Bunda)



Leo tuzungumze juu ya gari la wagonjwa. Wengi wetu husema, "Shida yetu ni moja tu, gari hakuna." Ni kweli magari hayatoshi, na wakati wa masika njia zetu huharibika. Lakini ebu tuhesabu masaa. Tutaona kwamba muda mwingi hupotea nyumbani, kabla mtu yeyote hajaita hilo gari.

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Thaddeus na Maine, walieleza kwamba mama mjamzito hucheleweshwa mara tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Kule kwa kwanza kuko mikononi mwetu.

Nani anaamua? Mama ameshikwa na uchungu usiku. Mume yuko mnadani, na simu ya nyumba iko mfukoni mwake. Mama mkwe anasema, "Mimi nilizaa wote hapa hapa, subiri." Jirani anaogopa kuita gari asije akalaumiwa. Jamani, damu haingoji ruhusa! Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa katika muda wa saa mbili.

Pili ni fedha. Mali yetu ni ng'ombe, mbuzi na pamba. Pesa ya pamba huja mara moja kwa mwaka. Mbuzi naye hauzwi saa nane ya usiku. Na akiuzwa, mnunuzi anajua una shida, atakupa bei ya kutupa. Basi watu huogopa kudaiwa mafuta ya gari, chakula cha msindikizaji na nauli ya kurudi. Wanangoja. Na ngoja ngoja huumiza matumbo.

Tatu ni aibu. Mama hana kanga nzuri, anaogopa kusemwa huko aendako. Lakini kanga kuukuu haijaua mtu.

Sasa tujue njia iliyopo. Mwaka 2022 Serikali ilizindua kitaifa mpango wa m-mama. Unapiga namba 115, bila malipo, hata kama simu haina salio. Mhudumu anakuuliza hali ya mgonjwa na mahali mlipo. Kama gari la wagonjwa haliko karibu, anaitwa dereva wa kijamii aliyeandikishwa. Dereva huyo hulipwa na mpango. Mgonjwa halipi nauli. Huduma hii ni ya wajawazito, mama waliojifungua siku zisizozidi 42, na watoto wachanga wasiozidi siku 28.

Kazi ya namna hii ina faida. Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulionyesha vifo vya mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulionyesha 104. Sababu ni nyingi, lakini kufika mapema ni mojawapo. Hata hivyo, hao 104 ni mama za watu.

Ndugu wahitimu, kalamu tuliyojifunza kushika ifanye kazi. Tufanye haya:

1. Tuandike 115 kwa mkaa au chaki juu ya mlango, kila mtu aione.

2. Mimba ikiwa changa, mume na mke wakubaliane mbele ya mama mkwe: dalili za hatari zikionekana, aliyepo aite gari bila kungoja ruhusa. Dalili ni kutoka damu, degedege, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, au uchungu kuzidi saa 12.

3. Simu moja ibaki nyumbani, au jirani mwenye simu ajulikane.

4. Aliyeng'atwa na nyoka au aliyevunjika mguu hahusiki na m-mama. Kwa hao, kila kikundi kiweke mfuko wa safari. Tuchange baada ya kuuza pamba, na daftari lisomwe mbele ya wote.

Gari likichelewa, tutauliza kwa nini. Lakini kwanza tuwe tumeliita.