Masomo ya bure, lakini bilteni inalipishwa


Kule kambini Nyarugusu watoto wetu walisoma bila kulipa. Tumerudi Fizi, na hapa pia masomo ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema hivyo. Lakini ku masomo tunaombwa franga za kuandikisha mtoto, za chaki, za bilteni. Resi hakuna. Asiyetoa, mtoto wake anafukuzwa mbele ya wenzake.

Tuseme kweli: na sisi tumelipa. Kisanduku cha chama kilitoa feza hizo mara nyingi, wafadhili, na hatukuwaambia. Tuliogopa watoto wapoteze mwaka.

Kuna walimu wanaofundisha miaka bila mshahara, sababu majina yao hayajaingia kwenye orodha ya Kinshasa. Hao tunawaelewa, njaa tunaijua. Lakini orodha hiyo hiyo imekutwa na walimu wasiokuwepo, na kuna mtu anakula mshahara wao.

Basi, pasipo resi chama hakitoi tena. Mzazi akiombwa, asiende kwa direkta peke yake. Twende watatu na komite ya wazazi, tuandike kiasi na tarehe, tupeleke kwa inspekta. Mwalimu asiyelipwa tutamchangia mihogo, wazi, mbele ya wote. Ya kwanza ije siku ya posho.