Kuchagua Rauta ya Kwanza ya Chama cha Maseremala

(Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi)



Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ni ya haki shambani, kwa maana jembe lolote lenye makali humfaa mtu mwenye nia ya kulima. Katika karakana ina mpaka wake. Chama cha maseremala kinachonunua rauta pasipo kuchagua huweza kupoteza fedha za hisa za wanachama, na fundi wake akapoteza kidole.

Rauta ni mashine ya umeme inayoendeshwa kwa mikono. Mota yake huzungusha kisu kidogo, ambacho mafundi hukiita biti, mara 10,000 hadi 30,000 hivi kwa dakika. Kwa biti hiyo seremala huchimba mfereji wa rafu ya kabati, hupamba ukingo wa meza, hupunguza fremu ili kioo kikae, na hutayarisha nafasi ya bawaba na kitasa. Kazi hizo zote huweza kufanywa kwa patasi na randa. Faida ya rauta ni kwamba kipande cha mia hulingana na cha kwanza, na chama kilichopata zabuni ya milango mingi ya shule hakiwezi kuudharau ulinganifu huo.

KAZI KWANZA, MASHINE BAADAYE

Kabla ya kwenda dukani, katibu na fundi mkuu wapitie daftari la kazi za mwaka uliopita. Ikiwa kazi nyingi ni kulainisha kingo na kuchonga mapambo madogo, rauta ndogo ya wati 500 hadi 700 itatosha. Ikiwa ni milango, makabati na fremu za mninga au mvule, inafaa rauta ya kati, ya wati 1,000 hadi 1,600. Ile kubwa ya wati 2,000 na zaidi ni nzito mkononi, na aghalabu hufaa zaidi kufungwa chini ya meza. Chama chenye uwezo mdogo kisiianze safari kwa hiyo.

Jambo la pili ni kitako. Kuna kitako ambacho kina chake hupangwa kabla ya kazi kuanza, na kuna kile chenye springi, kinachomwezesha fundi kuizamisha biti katikati ya ubao huku mashine ikizunguka. Chama kitakachomiliki rauta moja tu kichague kitako cha kuzama, kwa kuwa hufanya kazi za vyote viwili.

Jambo la tatu, ambalo wengi hulisahau, ni kishikizi cha shina la biti. Mashina huuzwa kwa vipimo vya milimita 6, robo inchi, milimita 8 na nusu inchi. Robo inchi ni milimita 6.35, kwa hiyo shina la milimita 6 likitiwa katika kishikizi cha robo inchi halikamatwi barabara, na huweza kuchomoka likiwa katika mwendo. Chama kiulize kwanza ni kipimo gani cha biti kinachopatikana daima katika maduka ya mji wa karibu, ndipo kinunue mashine inayokipokea.

Jambo la nne ni umeme. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230. Miongoni mwa mitumba zimo mashine za Marekani za volti 120, na za Uingereza za volti 110 zilizotengenezwa kwa matumizi ya maeneo ya ujenzi. Mashine hizo zikichomekwa moja kwa moja ukutani, mota huungua. Kibandiko cha volti kisomwe kabla ya fedha kutolewa.

MGAWANYO WA FEDHA

Bei ya mashine si gharama yote. Katika kila shilingi 100,000 zilizotengwa, ni busara mashine isizidi 60,000. Zinazobaki ni za biti, miwani ya kukinga macho, vizibo vya masikio, barakoa, vibanio vya kushikia ubao, na jozi ya akiba ya kaboni za mota.

Kuhusu biti, sanduku la vipande thelathini kwa bei ya kutupa ni mtego. Nne zilizo bora zinatosha kuanzia: mbili za mfereji, moja ya kupunguza fremu, na moja ya kuviringisha ukingo. Ziwe na ncha za kabaidi, kwa sababu mbao ngumu humaliza upesi makali ya chuma cha pua cha kawaida. Mvule, hasa, huweza kuficha ndani yake vijiwe vya chokaa.

Mashine iliyotumika isikataliwe kwa sababu hiyo peke yake. Fundi atikise mhimili ili kupima beringi, aitazame kaboni, akikague kishikizi kama kimelika, kisha aiwashe na kuisikiliza. Iwapo vipuri vyake havipatikani nchini, iachwe.

UTARATIBU WA CHAMA

Bodi ipate bei za wauzaji watatu kwa maandishi, na uamuzi uingie katika muhtasari. Stakabadhi iandikwe kwa jina la chama. Namba ya mashine iingizwe katika daftari la mali, mtunzaji mmoja ateuliwe, na sehemu ya mapato ya kila kazi iwekwe kwa ajili ya uchakavu. Fedha zisipotosha, vyama viwili jirani vyaweza kununua kwa pamoja, mradi mkataba uandikwe mapema.

USALAMA

Waya uchomolewe kila biti inapobadilishwa. Shina liingie milimita 20 au zaidi, kisha livutwe nje kidogo lisigote chini. Mbao ngumu ikatwe milimita 3 hivi kwa kila mpito. Fundi asukume mashine dhidi ya mzunguko wa biti. Azungukapo ukingo wa nje wa ubao, aende kinyume cha mwendo wa saa. Wala vumbi lisidharauliwe: mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vumbi la mbao katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu.

Ndugu wanaushirika, kabla hundi haijatiwa saini, muhtasari wa bodi uonyeshe majibu ya maswali manne: mashine itafanya kazi gani, biti zake zitanunuliwa wapi, nani ataitengeneza, na nani ataitunza. Swali moja likikosa jibu, fedha zibaki benki mpaka lijibiwe.