Breki ya Mkono Isiyoshika

  Somo letu la leo ni juu ya breki ya mkono ya motokaa, ile ambayo madereva wengi huiita hendibreki. Tutajifunza kwa nini hulegea, na namna ya kuirekebisha katika motokaa ya zamani. Maneno ninayosema yamepigwa chapa katika kurasa hizi. Baada ya kunisikia, yasome tena polepole, aya baada ya aya.

Labda mmoja wenu atasema, "Mimi sina motokaa. Somo hili lanihusu nini?" Ndugu yangu, lakuhusu. Hupanda gari la abiria? Watoto wako hawachezi karibu na magari yaliyosimama? Motokaa ndogo kama Volkswagen ya zamani ina uzito wa zaidi ya kilo 700. Gari la namna hiyo likianza kuteremka mlimani bila dereva, hakuna mtu awezaye kulizuia kwa mikono yake.

Kwanza nitawaeleza kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa nikifanya kazi Lushoto, katika milima ya Usambara, nilikuwa na Volkswagen ya zamani, lile gari lenye mgongo wa mviringo kama kobe. Breki yake ya mkono ilikuwa dhaifu. Nikachukua spana, nikakaza nati mbili zilizo chini ya mkono wa breki, nikaridhika. Mkono ulikuwa mgumu kuvuta, nami nikadhani ugumu ule ndio nguvu. Wiki mbili baadaye nilisimamisha gari kwenye mteremko, mbele ya darasa la watu wazima. Nikavuta breki, nikaingia ndani. Tulikuwa katikati ya hesabu tuliposikia kishindo. Gari lilikuwa limerudi nyuma lenyewe na kugonga mkaratusi. Chini ya mti ule akina mama walikuwa wamekaa kivulini na watoto wao, nao walikuwa wameondoka muda mfupi tu kabla ya hapo. Nilisimama pale nikitazama majani yaliyolaliwa na watoto, miguu ikinitetemeka.

Nikamwita fundi mmoja, mzee wa makamo. Akalala chini ya gari, akatoka, akafuta mikono yake. Akaniambia, "Bwana Elimu, wewe umekaza kamba, lakini mbuzi hukumtazama. Ugonjwa uko magurudumuni, nawe umetia dawa mkononi." Nikamjibu, "Ni kweli, mzee. Nifundishe." Haya ninayowaambia leo ndiyo aliyonifundisha, pamoja na niliyoyasoma baadaye.

Sasa tutazame namna breki hii inavyofanya kazi. Ukikanyaga breki ya mguu, oili ya breki husukumwa ndani ya mabomba membamba mpaka kwenye magurudumu yote manne. Breki ya mkono haitumii oili. Inao mkono wa chuma na nyaya mbili, na kila waya huenda kwenye gurudumu moja la nyuma. Ndani ya gurudumu la nyuma mna dramu. Dramu ni kama sufuria ya chuma, nayo huzunguka pamoja na gurudumu. Ndani ya sufuria hiyo mna viatu viwili vya breki, vilivyopindwa kama mwezi mwandamo. Juu ya kila kiatu pamebandikwa kitu kigumu kiitwacho bitana. Viatu hivi havizunguki. Waya ukivutwa, viatu hutanuka, bitana hubana dramu kwa ndani, na gurudumu husimama.

Bitana huliwa kidogo kidogo, kama soli ya kiatu chako inavyoliwa na barabara. Kila inapoliwa, nafasi kati ya bitana na dramu huongezeka. Ndipo mkono wa breki hupanda juu zaidi kabla ya kushika, mpaka siku moja hupanda mpaka mwisho na gari bado linatambaa. Mtu asiyejua hukimbilia nati za waya. Waya hukazwa, lakini ile nafasi ndani ya dramu haikuondolewa, imefichwa tu. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Kwa hiyo shikeni kanuni moja ya somo hili: anza magurudumuni, malizia kwenye mkono.

Nitaeleza kazi hii kwa mfano wa Volkswagen ya mgongo wa kobe, maana ndiyo niijuayo. Zaidi ya milioni 21 ziliundwa, na kiwanda cha mwisho, huko Puebla katika nchi ya Meksiko, kiliacha kuziunda mwaka 2003. Motokaa nyingine nyingi za zamani zenye dramu nyuma hufuata kanuni hiyo hiyo, ingawa nati zake huenda ziko mahali pengine. Lakini Land Rover za zamani ni mbali. Breki yao ya mkono hukamata shafti inayotoka kwenye gia, haikamati magurudumu yenyewe. Ukiinua gurudumu moja la nyuma la gari hilo kwa jeki, breki ya mkono haitalizuia lisiteremke.

Matayarisho ndiyo nusu ya kazi. Weka gari mahali tambarare na pagumu. Tia kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kwa sababu breki ya mkono itakuwa imeachiliwa na gia itakuwa imetolewa. Inua nyuma kwa jeki, kisha weka vigingi imara vya chuma au magogo mapana chini ya gari. Usitumie matofali, maana tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Usijitie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Watoto wakae mbali.

Kazi ya kwanza ni kulegeza. Teremsha mkono wa breki mpaka chini kabisa. Chini yake, ukifunua mfuko wa mpira, utaona ncha mbili za nyaya. Kila ncha ina nati mbili: moja ya kurekebishia, na moja ya kufungia ili ile ya kwanza isilegee. Zilegeze mpaka nyaya zisivute kitu. Ukiacha waya umekaza, viatu havirudi mahali pake, na kipimo utakachochukua kitakuwa cha uongo.

Kazi ya pili ni ya magurudumuni. Kila gurudumu la nyuma lina virekebishio viwili vyenye meno kama nyota, kimoja kwa kila kiatu. Katika magari ya zamani zaidi huonekana kwa kupitia tundu moja lililo kwenye dramu. Unazungusha gurudumu mpaka tundu lifike mbele ya nyota. Katika yale yaliyofuata, matundu yako nyuma, kwenye sahani ya chuma, yamezibwa kwa vizibo vya mpira. Ingiza bisibisi, usukume jino moja moja huku ukizungusha gurudumu kwa mkono. Gurudumu likianza kuwa zito, endelea mpaka likatae kuzunguka. Kisha rudisha nyuma meno matatu au manne, mpaka lizunguke kwa urahisi. Fanya hivyo kwa nyota ya pili. Kumbuka kuwa nyota hizi mbili huzungushwa kwa pande zilizo kinyume. Halafu kanyaga breki ya mguu mara kadhaa ili viatu vikae sawasawa, ukapime tena. Maliza gurudumu moja, ndipo uende la pili.

Kazi ya tatu, sasa rudi kwenye mkono. Shika ncha ya waya kwa bisibisi isizunguke, ukaze nati ya kurekebishia polepole. Gurudumu likianza kugusa, legeza kidogo mpaka liwe huru. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Sasa vuta mkono, usikilize sauti ya meno yake: ta, ta. Kwa sauti mbili, magurudumu yote mawili yawe mazito kwa kipimo kimoja. Kwa sauti nne, usiweze kuyazungusha kwa mkono. Kama moja ni zito na jingine ni jepesi, usawazishe nyaya. Ukiridhika, kaza nati za kufungia. Wengi husahau jambo hili, na baada ya wiki breki hulegea tena.

Je, kama umefanya yote haya na breki bado haishiki? Hapo sababu ni nyingine. Labda bitana zimekwisha. Labda zimeloa oili ya breki au oili ya ekseli iliyovuja. Bitana iliyoloa oili haifai tena, hata ukiikausha juani. Ziba panapovuja kwanza, kisha weka bitana mpya pande zote mbili, usiweke upande mmoja tu. Labda waya umepata kutu ndani ya bomba lake, na ukivuta hauendi, au ukiachia haurudi. Labda nyuzi za waya zimekatika. Waya wa namna hiyo haupakwi grisi ukaachwa, hutolewa ukawekwa mwingine. Au meno ya mkono wenyewe yameliwa, ukiugusa unaanguka.

Kuona bitana ni lazima dramu itolewe, na hapa nawashauri mwende kwa fundi. Nati ya ekseli katika gari hili ni ya milimita 36, tena hukazwa kwa nguvu nyingi sana. Hulegezwa gari likiwa bado chini, kamwe si juu ya jeki, maana mtu anayevuta spana ndefu kwa uzito wa mwili wake aweza kuliangusha gari. Wakati wa kuirudisha hukazwa kwa kipimo, na pini yake huwekwa mpya.

Liko jambo jingine ambalo mafundi wengi wa zamani hawakuambiwa. Bitana za magari ya zamani mara nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi la asbesto likiingia mapafuni hukaa humo, na baada ya miaka mingi laweza kuleta maradhi ya mapafu na saratani. Kwa hiyo usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo. Lilowanishe kwa maji, ulipanguse kwa kitambaa kibichi, ukitie kitambaa hicho katika mfuko na kuufunga. Usirudi nyumbani kumbeba mtoto ukiwa na nguo za kazi.

Mwisho, jaribu kazi yako. Shusha gari, jaribu kwanza breki ya mguu mahali tambarare. Kisha nenda kwenye mteremko mdogo usio na watu. Mwenzako aweke kabari hatua moja nyuma ya gurudumu, halafu aondoke kando. Vuta breki ya mkono, toa gia, achia breki ya mguu taratibu. Gari likitulia, geuza upande, ujaribu likiwa limeelekea chini. Likitambaa hata kidogo, kazi haijaisha.

Na hata breki ikiwa nzuri, usiiachie peke yake kazi yote. Ukisimama kwenye mteremko, tia gia: gia ya kwanza kama gari limeelekea juu, gia ya nyuma kama limeelekea chini. Geuza magurudumu ya mbele ili gari likianza kwenda liingie ukingoni, lisiende kwa watu. Weka jiwe au kabari, na ukiondoka lichukue, usimwachie mwenzako barabarani.

Ndugu wanafunzi, baada ya ajali yangu nilimwuliza yule fundi deni langu. Alitaja bei, kisha akanipeleka mpaka kwenye mkaratusi na kunionyesha lile kovu la gome. Akasema, "Hiyo ndiyo risiti yako, Bwana Elimu." Tangu siku hiyo sivuti breki ya mkono bila kukumbuka mahali walipokuwa wamelala watoto wale.

Sasa fungueni madaftari. Mwalimu atawasomea maswali haya, nanyi mtajibu kwa sentensi kamili.

1. Kwa nini mkono wa breki hupanda juu zaidi kadiri siku zinavyopita?
2. Kanuni ya somo letu yasemaje? Iandike kwa mwandiko mzuri.
3. Kabla ya kurekebisha viatu vya breki, nyaya hufanywa nini, na kwa sababu gani?
4. Vumbi la breki lina hatari gani, na huondolewa namna gani?
5. Ukirudi nyumbani leo, tazama gari lolote lililosimama kwenye mteremko. Je, lina kabari? Andika mistari mitatu juu ya ulichokiona.

 Someni kwa bidii, na mfike salama. Kwaherini.