Nani Aliyeshinda Vita Kuu ya Pili?

(Haya ni mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma)



Mwezi Mei 1945, Ujerumani ilipokuwa imekwisha kushindwa, wananchi wa Ufaransa waliulizwa swali fupi: ni taifa gani lililochangia zaidi katika kuishinda Ujerumani? Watu 57 katika kila 100 walijibu kuwa ni Urusi ya Kisovieti. Watu 20 waliitaja Marekani, na 12 wakaitaja Uingereza. Mwaka 2004 swali hilo hilo liliulizwa tena katika nchi hiyo hiyo. Safari hii watu 58 katika kila 100 waliitaja Marekani, na walioitaja Urusi walikuwa 20 tu.

Katika muda wa miaka 59 iliyotenganisha majibu hayo mawili, hakuna risasi hata moja ya vita vile iliyopigwa upya. Wafu wa Stalingrad hawakupungua, wala wafu wa Normandy hawakuongezeka. Waliobadilika ni wasimulizi. Kizazi kilichoyaona mambo kwa macho yake kilikuwa kimepisha kizazi kilichoyapata katika sinema, katika hotuba za sherehe na katika vitabu vya shule. Wahenga walikwisha kusema kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na kila taifa kubwa lililopigana vita vile limeamba ngoma yake kwa namna hiyo.

Yafaa basi swali hili lichunguzwe kwa utulivu, kwa sababu sifa za ushindi ule hazikuishia katika nishani na magwaride. Ziligeuzwa kuwa madaraka, na madaraka hayo yangali yanatumika.

WALIOSIMAMA MWANZO

Mtu akipima kwa wakati, yaani kwa kuuliza nani alisimama wengine walipokuwa wameanguka au wamekaa pembeni, basi Uingereza ina haki ya kusifiwa. Ufaransa ilisalimu amri mwezi Juni 1940, baada ya mapigano ya wiki sita. Tangu hapo hadi Juni 1941, Uingereza ilikuwa ndiyo dola kubwa pekee iliyoendelea kupigana na Ujerumani. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Urusi ya Kisovieti ilikuwa imefunga mkataba na Hitler tarehe 23 Agosti 1939, ikagawana naye nchi ya Poland, na iliendelea kumwuzia nafaka na mafuta hadi siku aliyoivamia.

Lakini usemi kwamba Uingereza ilisimama peke yake una kasoro. Nyuma yake ilikuwapo Kanada, ilikuwapo Australia, ilikuwapo India, na yalikuwapo makoloni ya Afrika. Marubani wa Poland walipigana katika anga la Uingereza mwaka 1940, na wanahisabati wa Poland ndio waliotangulia kufumbua siri ya mashine ya Wajerumani ya kuandikia ujumbe wa mafumbo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

MIZANI YA DAMU

Mtu akipima kwa damu na kwa ukubwa wa mapigano, hapana nchi inayoweza kukaa karibu na Urusi ya Kisovieti. Tarehe 22 Juni 1941 Ujerumani na washirika wake waliivamia kwa askari zaidi ya milioni tatu. Mji wa Leningrad ulizingirwa tangu Septemba 1941 hadi Januari 1944, na mamia ya maelfu ya wakazi wake wakafa kwa njaa. Stalingrad ilipiganiwa nyumba kwa nyumba hadi mabaki ya jeshi la Wajerumani yaliposalimu amri mwanzoni mwa Februari 1943. Mwezi Julai mwaka huo Wajerumani walijaribu tena kushambulia huko Kursk, wakashindwa, na tangu hapo safari yao ilikuwa ya kurudi nyuma.

Katika kila askari wanne wa Ujerumani waliouawa vitani, karibu watatu waliuawa katika uwanja wa mapambano wa mashariki. Watu wa Urusi ya Kisovieti waliokufa, askari na raia pamoja, wanakadiriwa kufikia milioni 27. Askari wa Marekani waliokufa katika viwanja vyote vya vita walizidi kidogo 400,000, na wale wa Uingereza walikaribia idadi hiyo. Majeshi ya Marekani, Uingereza na Kanada yalipotua Normandy tarehe 6 Juni 1944, sehemu kubwa ya jeshi la Ujerumani ilikuwa imekwisha kuvunjwa mashariki.

Hata hapa mwalimu atahadhari. Urusi ya Kisovieti haikuwa taifa la Warusi peke yao. Waliokufa walikuwa pia Waukraine, Wabelarusi, Wakazaki, Wauzbeki, Wajojia na wengineo. Belarusi ilipoteza takribani mtu mmoja katika kila wakazi wanne. Sifa ya mamilioni hao haiwezi kuwa mali ya mrithi mmoja.

MIZANI YA MALI

Vita vya karne ya 20 vilipiganwa kwa viwanda kama vilivyopiganwa kwa bunduki, na katika mizani hii Marekani inashinda. Kwa sheria iliyopitishwa mwezi Machi 1941, Marekani iliwapa washirika wake silaha, chakula na vifaa vya thamani ya dola zipatazo bilioni 50. Sehemu kubwa zaidi ilikwenda Uingereza. Urusi ya Kisovieti ilipata vitu vya thamani ya dola zipatazo bilioni 11, yakiwamo malori na magari madogo zaidi ya 400,000, vichwa vya garimoshi karibu 2,000, nyama ya makopo na viatu.

Wapo wasemao kuwa bila msaada huo Urusi ingeanguka, na wapo wasemao kuwa msaada huo ulikuwa kitu kidogo. Tarehe zenyewe zinasaidia kuamua. Sehemu kubwa ya vifaa hivyo ilifika baada ya Stalingrad. Kwa hiyo si msaada huo uliouokoa mji wa Moscow mwezi Desemba 1941. Lakini jeshi lililotoka mto Volga na kufika Berlin lilikwenda likibebwa kwa malori ya Marekani, likila pia chakula cha Marekani. Vifaru vyake lenyewe, kwa sehemu kubwa sana, lilivitengeneza katika viwanda vyake.

VITA VYA ASIA

Mjadala huu aghalabu hukomea Ulaya, kana kwamba Asia haikuwako. Kwa Wachina, vita vilianza mwezi Julai 1937, miaka miwili kabla Hitler hajaivamia Poland. Wachina waliokufa wanahesabiwa kwa mamilioni mengi, na kwa miaka minane walilishughulisha sehemu kubwa ya jeshi la nchi kavu la Japani. Baharini, kazi ilikuwa ya Marekani. Huko Midway, mwezi Juni 1942, manowari nne za Japani za kubeba ndege zilizamishwa, na Japani haikuweza kuziba pengo hilo.

Mwezi Agosti 1945 mambo mawili yalitokea kwa siku chache: Marekani iliangusha mabomu ya atomiki Hiroshima na Nagasaki, na Urusi ya Kisovieti iliingia vitani dhidi ya Japani. Wataalamu wa historia wangali wanabishana ni lipi lililoifanya Japani isalimu amri. Lakini jambo moja halina ubishi: sehemu kubwa ya madini ya urani yaliyotumika katika kazi ya kutengeneza mabomu hayo ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo iliyotawaliwa na Ubelgiji. Wachimbaji Waafrika hawakuambiwa wanachimba nini, wala hawatajwi katika hesabu za ushindi.

WASIOTAJWA

Hapa ndipo mizani zote za mataifa makubwa zinapopungua. Jeshi la India lilikuwa na watu wapatao milioni 2.5, waliojiandikisha huku nchi yao ikitawaliwa, na mwaka 1943 watu wapatao milioni tatu walikufa kwa njaa katika jimbo lao la Bengal. Mwaka 1941, kabla ya nchi yoyote ya Ulaya kukombolewa, Ethiopia ilikombolewa kutoka kwa Wataliani. Wapiganaji wa Kiethiopia walikuwa wamepigana msituni kwa miaka mitano, na askari wa Keya kutoka Afrika Mashariki walishiriki katika kampeni ile.

Askari hao hao walipelekwa Madagaska mwaka 1942, kisha Burma. Tanganyika peke yake ilitoa askari wapatao 87,000. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa, ilizamishwa na nyambizi ya Japani katika Bahari ya Hindi. Watu wapatao 1,300 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Katika masika ya mwaka huo, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw kwa miguu, katika matope na malaria, ikawasukuma Wajapani hadi mto Chindwin. Wakati huohuo, Japani ilipokuwa imekwisha kuziteka nchi nyingine zilizolima katani, mkonge wa Tanganyika uligeuka kuwa mali ya vita, na maelfu ya watu waliandikishwa kwa nguvu kwenda kuukata.

Walilipwa kwa rangi. Askari Mwafrika alipata chini ya Mwasia, na Mwasia chini ya Mzungu. Katika jeshi la Ufaransa mambo hayakuwa bora. Jenerali de Gaulle, baada ya nchi yake kuanguka, alipata ardhi ya kusimamia katika Afrika, pale Félix Éboué, gavana wa Chad, alipomwunga mkono mwezi Agosti 1940. Jeshi lake lililotua kusini mwa Ufaransa mwezi Agosti 1944 lilitoka Afrika kwa sehemu kubwa. Lakini baridi ilipokaribia, maelfu ya askari weusi waliondolewa katika vikosi, na nafasi zao wakapewa vijana wa Kifaransa. Tarehe 1 Desemba 1944, huko Thiaroye nchini Senegal, askari Waafrika waliodai malipo yao walipigwa risasi na jeshi walilolitumikia. Ilipita miaka 80 kamili ndipo Rais wa Ufaransa, Emmanuel Macron, akakiri mwaka 2024 kuwa yale yalikuwa mauaji ya halaiki.

MIRATHI YA USHINDI

Tarehe 26 Juni 1945 Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulitiwa sahihi mjini San Francisco na nchi 50. Nchi za Afrika zilikuwa nne tu: Misri, Ethiopia, Liberia, na Afrika Kusini iliyotawaliwa na Wazungu wachache. Mataifa matano yaliyohesabiwa kuwa ndiyo wakubwa wa ushindi yalipewa viti vya kudumu katika Baraza la Usalama pamoja na kura ya turufu. Ufaransa, ambayo jeshi lake lilikuwa limeshindwa kwa wiki sita, ilikipata kiti chake kwa msaada mkubwa wa damu ya watu wa makoloni yake. Watu hao wenyewe hawakupata kitu. Asiyekuwapo na lake halipo.

Tanzania imeyaonja matunda ya mgawanyo huo. Mwaka 1981 Ndugu Salim Ahmed Salim aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, akiungwa mkono na Afrika. Katika duru ya kwanza alimpita Kurt Waldheim kwa kura. Lakini Marekani ilimzuia kwa turufu, China nayo ikamzuia Waldheim, hata nafasi ikamwendea Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Turufu iliyotumika siku zile ilikuwa imetokana na hesabu ya ushindi wa mwaka 1945. Mwaka 2005 nchi za Afrika zilitoa dai la pamoja la viti viwili vya kudumu vyenye haki zote. Dai hilo hujibiwa kwa maneno mazuri, na viti vya kudumu vimebaki vitano.

WAJIBU WA MWALIMU

Mwanafunzi akiuliza nani alishinda vita vile, mwalimu na asimpe jina moja. Amwambie ukweli kwa ukamilifu wake. Jeshi la Ujerumani lilivunjwa hasa na Urusi ya Kisovieti. Uingereza ilizuia vita visiishe mapema kwa ushindi wa Hitler. Marekani ililisha na kusafirisha majeshi ya wote, na baharini iliishinda Japani. China ilistahimili miaka mingi kuliko wote. Na watu wa makoloni walitoa askari, madini, mkonge na chakula bila kuulizwa, kisha wakanyimwa nafasi mezani.

Watumishi wa umma nao wana sehemu yao. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao popote, na huenda wakafikia 350,000. Vita vya Pili visiachwe vifuate njia hiyo. Waliokwenda Burma karibu wote wamekwisha kufariki, lakini vitabu vyao vya mishahara, barua zao na nishani zao zimo bado katika masanduku ya wajukuu. Afisa wa wilaya anaweza kuagiza zikusanywe, mtunza nyaraka anaweza kuziorodhesha, na mwalimu anaweza kuwatuma wanafunzi wakaulize nyumbani kwao. Afrika inapodai viti vyake, hoja yake itakuwa na nguvu zaidi ikiwa na majina.