Dakika Mbili za Kusimulia Kuhusu Rafiki

Kijana wa Kahama, Geita au Shinyanga mjini anayetaka kusoma ng'ambo mara nyingi hudaiwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS. Sehemu ya kuzungumza huchukua dakika 11 hadi 14. Katikati yake unapewa kadi, labda inasema: eleza kuhusu rafiki yako. Unajiandaa dakika 1, kisha unazungumza hadi dakika 2.

Hapo ndipo ulimi hukwama. Kiswahili kina "yeye" mmoja tu, wa kaka na wa dada, Kisukuma vilevile. Kiingereza kinakutaka uchague "he" au "she", na rafiki wa kiume hugeuka msichana katikati ya sentensi.

Tafadhali usikariri insha. Mtahini huitambua upesi. Simulia siku moja: mlivyopakizana baiskeli kwenda shule, alivyotoa michembe ya viazi vitamu mfukoni mkagawana. Mtahini hapimi ukubwa wa rafiki yako. Anapima ufasaha, msamiati, sarufi na matamshi.

Leo jioni jirekodi kwa simu, usimulie kwa Kiingereza kuhusu rafiki yako dakika 2 bila kusimama. Kisha rudia kusikiliza, uhesabu umemgeuza mara ngapi.