Kujua Kiingereza ni jambo moja, kukifundisha iniversite ni lingine
(Mazungumzo mbele ya wanachama)



Vile tunapita katika vikundi vyenu, swali moja linarudi kila mara. Vijana waliokulia Uganda ao Kenya wanatuuliza: "Sisi Kiingereza tunakisema tangu utoto. Mbona iniversite hazitupatie kazi ya kukifundisha?" Swali hili ni la haki. Katika iniversite zetu, hata mwenye kusoma uchumi ao kilimo anapewa somo la Kiingereza. Kazi iko. Lakini wenye kuajiri wanaangalia kwanza diplome, kisha ndipo wanasikiliza vile unaongea.

Tuanze chini. Ya kwanza ni cheti cha kumaliza sekondari. Aliyesoma hapa anapita Exetat na kupata diplome d'État. Aliyesomea nje analeta cheti chake, anaomba ekivalansi kwa wizara. Hapa ndipo wengi wanakwama. Mwenye cheti cha Uganda cha mwaka wa 4 hajamaliza sekondari. Kule inamalizika mwaka wa 6, na cheti chake kinaitwa UACE.

Ya pili ni kusomea Kiingereza chenyewe. ISP ya Bukavu iko na idara ya Kiingereza, na iniversite ya Lubumbashi vilevile. Zamani ilikuwa miaka 3 ya graduat na 2 ya licence. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 tumeingia katika LMD: licence miaka 3, masta miaka 2. Uzuri wa ISP ni kwamba unafundishwa pia namna ya kufundisha, na unafanya staji mbele ya wanafunzi. Na Kifaransa msikiache: barua, mikutano na makaratasi ya kazi, vyote viko katika Kifaransa.

Ya tatu ni ngazi za kazi. Mtu anaanza kuwa asistanti, na mara nyingi wanachagua wale waliomaliza na distinction. Kisha anakuwa chef de travaux. Kuwa profesa kunaomba doktora. Ni safari ya miaka mingi, tusidanganyane.

Sasa, hizi kozi fupi? CELTA ni cheti cha kweli: masaa 120 hivi, ndani yake masaa 6 ya kufundisha watu wazima. Inasaidia sana katika vituo vya lugha. IELTS yenyewe inapima tu kiwango chako cha lugha, na matokeo yake yanahesabiwa miaka 2. Hakuna hata moja kati ya hizi inayochukua nafasi ya licence ao masta. Basi mzazi, mbele ya kuuza mbuzi ao kukopa kwenye kikundi ili ulipie kozi, uliza kwanza: cheti hiki kitapokelewa wapi? Andika jibu, utuletee tulisome pamoja.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Wanachama, kasa yetu ya masomo ilipie kwanza ekivalansi na minerval, kozi fupi zifuate nyuma. Wafadhili, vitabu mnavyotuma tunavipokea kwa furaha. Lakini kijana mwenye kichwa kizuri anaweza kukaa nyumbani miaka kwa kukosa karatasi moja tu. Mkisaidia karatasi hiyo ipatikane, mmefungua njia ya mwalimu ambaye kesho atafundisha mamia.

Na wewe kijana uliyerudi: chunga vyeti vyako vya asili, usimwachie mtu. Fanya fotokopi, lete kwa komite, tuangalie pamoja ngazi gani inakungojea.